Damu Ilikuwa Nyekundu

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Ni Julai, na baridi ya Makete imefika mahali pa kugandisha umande juu ya majani. Usiku wa tatu wa msiba wa mzee wa ukoo, Upendo, mwenye mimba ya miezi saba, alilala chumba kimoja na wifi yake Neema pamoja na Baraka, mtoto wa Neema mwenye miaka minne. Asubuhi hawakuamka. Elia, mume wa Upendo, alivunja mlango uliokuwa umekomewa kwa ndani. Kijiji kikamnyooshea kidole shangazi Tabitha, aliyepika chakula cha jioni, na ambaye mchana wake aligombana na ndugu kuhusu shamba la miti aliloacha marehemu. Kwenye kituo cha afya, Tabibu Sanga alibana kipimo kwenye kidole cha Upendo. Namba iliyojitokeza ilimfanya akitoe na kukibana upya.

SASA ENDELEA

"Tisini na nane," Sista Rehema alisoma kwa sauti.

Tabibu Sanga alikihamishia kidole kingine. Tisini na nane. Akakibana kwenye kidole chake mwenyewe. Tisini na tano, kama kawaida ya watu wanaoishi kwenye milima ile mirefu. Kwa mujibu wa kile kimashine, mwanamke aliyelala pale bila kuitika alikuwa na oksijeni nyingi kuliko daktari aliyemsimamia.

"Sukari?"

"Tano nukta nne. Haina shida."

"Wingi wa damu?"

"Kumi na moja nukta nane. Kwa mjamzito ni nzuri."

"Malaria?"

"Hana. Na presha iko sawa, daktari."

Kitanda cha pili, Neema alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, akitapika kila alipojaribu kukaa. Baraka alikuwa mapajani mwa bibi yake, macho mazito, akilia kwa sauti ndogo kisha akinyamaza ghafla kama aliyesahau alichokuwa analilia.

Mlango ulisukumwa. Elia aliingia na jagi la maziwa.

"Wazee wamesema anyweshwe haya, daktari. Yanaua sumu."

"Usimguse!" Tabibu Sanga alimzuia kwa mkono. "Mtu asiyejitambua hapewi kitu mdomoni. Maziwa hayo yataingia kwenye mapafu, na hapo utamzika mkeo kwa mikono yako."

Elia aliweka jagi sakafuni. Alikuwa amevaa koti la baba yake marehemu, mikono yake imefichwa ndani ya mifuko. Nje, simu za watu zilikuwa zinaita mfululizo.

Tabibu Sanga alizitazama tena namba zake. Chakula kipo ndani ya damu. Oksijeni ipo. Damu yenyewe ipo na moyo unaisukuma. Kila kitu ambacho seli ya mwili inahitaji ili iishi kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi ile. Basi kwa nini mwanamke huyu anazimika?

* * *

Katika matrilioni ya seli za mwili wa binadamu, nyingi mno hazitoki mahali zilipo kwenda kutafuta riziki. Zinasubiri kuletewa. Viazi alivyokula Upendo jioni ile vilivunjwavunjwa kwenye utumbo mwembamba mpaka vikawa glukosi, ikapenya kuta za utumbo, ikaingia kwenye damu, ikapitia kwenye ini na kufika kwenye moyo. Hewa aliyovuta ilishuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu, ambako ukuta mwembamba kupita karatasi unaitenga na damu. Hapo oksijeni huvuka na kushikwa na himoglobini, ile protini inayozifanya chembe nyekundu ziwe nyekundu.

Moyo husukuma mzigo huo kwenye mishipa mikubwa, ambayo hugawanyika na kugawanyika tena. Mishipa mikubwa kazi yake ni kupitisha. Makabidhiano yenyewe hufanyika mwishoni kabisa, kwenye kapilari, vijishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja, nyingine zikijikunja ili zipenye. Ukuta wa kapilari una unene wa seli moja tu. Kupitia ukuta huo glukosi na oksijeni hutoka, huingia kwenye majimaji yanayozizunguka seli, na kutoka hapo seli hujichukulia. Kabonidioksidi na takataka nyingine hurudi kwa njia hiyo hiyo, kwenda kutolewa nje.

Ndani ya seli, mitokondria huiunguza glukosi kwa oksijeni na kupata nguvu. Oksijeni ikikosekana, seli huambulia chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo glukosi ile ile ingeipa. Misuli inaweza kuvumilia kwa muda. Ubongo hauwezi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba.

Tabibu Sanga aliyajua haya tangu chuoni. Asubuhi ile ndipo yalipomkaa moyoni. Vipimo vyake vyote vilipima kilichopakiwa. Hakuna hata kimoja kilichopima kilichoshushwa.

Akamgeukia bibi.

"Mama, mjukuu wako alikula nini jana?"

Bibi alimtazama kwa mshangao. "Baraka? Huyu hakula kitu, baba. Alisinzia jua lilipozama. Nilimlaza mwenyewe kabla chungu hakijaepuliwa."

"Una uhakika?"

"Mtoto nimemfunga mgongoni mchana kutwa, nisijue kama amekula?"

"Na hao waliokula chungu kimoja na Upendo wakalala nyumba nyingine?"

"Wapo msibani. Wazima. Wanachota maji."

Tabibu Sanga alisimama wima. Mtoto aliyelala njaa anaumwa. Waliokula wakashiba wako kisimani. Chungu cha shangazi Tabitha hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ndani ya chumba.

"Elia, ulipovunja mlango, ulikuta nini?"

"Giza tu, daktari. Na nguo zimesokomezwa chini ya mlango na kwenye dirisha, kuzuia baridi."

"Jiko la mkaa lilikuwepo?"

Elia alikaa kimya kidogo. "Hapana," alisema. "Hakukuwa na jiko."

Simu ya tabibu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za watu wengi.

"Daktari, nimeshindwa kuwazuia. Wamefika kwa Tabitha na petroli."

* * *

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Sema haraka."

"Weka sauti kubwa, wanisikie wote."

Alimpa Sista Rehema ishara kwa mkono: mtungi wa oksijeni, barakoa yenye mfuko, kwa Upendo. Neema na Baraka wapokezane ile mashine ndogo ya umeme inayotoa oksijeni.

"Lakini kipimo kinasoma tisini na nane, daktari," sista alinong'ona.

"Kipimo kinatazama wekundu wa damu, sista. Hakijui aliyeifanya iwe nyekundu. Fungua mtungi mpaka mwisho."

Kisha akasema kwenye simu, taratibu, kama mtu anayesoma wosia:

"Ndugu zangu, mimi ni Sanga wa kituo cha afya. Wengi wenu nimewazalishia wake zenu. Nisikilizeni kabla hamjawasha kiberiti. Mama Tabitha hakumpa mtu sumu. Baraka hakula kabisa jana usiku, na ni mgonjwa. Watoto wenu waliokula chakula hicho hicho ni wazima, waangalieni hapo walipo."

Kelele zilipungua. Sauti ya kijana ikapayuka: "Sasa nini kimewaangusha?"

"Hewa waliyovuta. Sikilizeni. Damu yenu ina mabasi madogo madogo. Kila basi lina viti vinne, na abiria wake ni oksijeni. Anapanda kwenye mapafu, anashuka kwenye ubongo, kwenye moyo, kwenye misuli. Asiposhuka, kituo kinakufa. Mkaa ukiungua kwenye chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Gesi hiyo hukipenda kiti kuliko oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Ikishakaa, haiinuki kirahisi. Na ubaya wake wa pili ni huu: ikiwa ndani ya basi, hata oksijeni wachache waliobaki hung'ang'ania viti vyao wasishuke. Basi linapita limejaa, kituo kimejaa wenye njaa, na hakuna anayeteremka."

Hapakusikika kitu isipokuwa upepo kwenye simu.

"Ndiyo maana ukimtazama Upendo damu yake ni nyekundu. Ndiyo maana hata mashine yangu ilidanganyika. Seli zake zinakufa njaa huku chakula na hewa vikipita mlangoni. Mkimchoma yule mama, mtakuwa mmemuua mtu aliyewapikia wafiwa. Mwenyekiti, naomba umtoe umlete hapa kituoni, atembee mbele ya watu wote."

Mwenyekiti alikohoa. "Daktari, hilo jiko liko wapi? Maana watu waliingia chumbani na hakuna aliyeliona."

Tabibu Sanga hakuwa na jibu. Alisikia mtu akisema kwa nguvu, "Anamtetea kwa sababu ni ndugu yake!" Kisha kishindo, kioo kikivunjika, mwanamke akipiga yowe.

Simu ikakatika.

* * *

Alipiga tena. Haikupokelewa. Akampigia mkuu wa kituo cha polisi, akamweleza kwa maneno machache, akaambiwa gari linaondoka. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya kwa ajili ya shangazi Tabitha, na mbele yake palikuwa na wagonjwa watatu.

Hapana. Wanne.

Sista Rehema alikuwa ameinama juu ya tumbo la Upendo, sikio lake kwenye kipaza mapigo, macho kwenye saa ya ukutani. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika.

"Tisini na mbili kwa dakika, daktari."

Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yanatakiwa kuwa kati ya 110 na 160.

Mtoto huyo havuti hewa. Mapafu yake yamejaa majimaji. Kila chembe ya oksijeni na kila punje ya chakula anayopata huletwa na damu ya mama mpaka kwenye kondo la nyuma. Hapo damu mbili hukaribiana bila kuchanganyika, na kupitia ukuta mwembamba vya mama huvuka kwenda kwa mwana. Gesi ya mkaa nayo huvuka. Himoglobini ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hiyo kwa nguvu kuliko ya mama, na huchelewa kuiachia.

"Maana yake?" aliuliza Elia. Alikuwa amejibanza ukutani, mikono bado mifukoni.

"Maana yake mkeo anaweza kufumbua macho, mkafurahi, mkaniambia nizime oksijeni, na mwanao akawa bado anakosa hewa ndani. Kwa hewa hii tunayovuta sisi, nusu ya gesi hiyo huchukua saa nne mpaka tano kutoka kwenye damu ya mtu mzima. Kwa oksijeni tupu hupungua mpaka kama saa moja au saa moja na nusu. Kwa mtoto ni muda mrefu zaidi. Mama hana budi kuendelea kuvuta oksijeni hata baada ya kuzinduka."

"Basi aendelee, daktari. Nitalipa. Niuze shamba lote, nitalipa."

"Shamba halitatusaidia asubuhi hii." Tabibu Sanga alielekeza kidole kwenye saa ya mtungi. Mshale ulikuwa umeshapita nusu na unateremka. "Kwa kasi hii tuna dakika arobaini. Mtungi wa pili uliisha juzi. Gari la wagonjwa limepeleka mzazi Njombe tangu alfajiri."

"Tukiipunguza kidogo ikae muda mrefu?" sista aliuliza.

"Tukiipunguza, ile gesi inabaki vitini. Hapa kinachoisukuma ni wingi wa oksijeni. Iache. Mlaze ubavu wa kushoto, mji wa mimba usikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kila dakika tano pima mapigo ya mtoto. Mimi natafuta mtungi."

Alipiga simu zahanati ya kijiji jirani. Hawana. Akapiga hospitali. Wanayo, lakini hakuna gari la kuileta. Akapiga kwa mwenye lori la mbao aliyekuwa njiani kutoka huko, mtu aliyewahi kushonwa na yeye mguu uliokatwa na msumeno. "Daktari, naigeuza gari sasa hivi," yule mtu alisema, na sauti ya injini ikameza maneno yaliyofuata. Kwenda na kurudi, kwa barabara ile ya kona na ukungu, haikuwa chini ya saa moja.

Dakika arobaini za oksijeni. Saa moja ya safari.

Neema, baada ya kuvuta oksijeni kwa muda, alikuwa ameacha kutapika. Baraka aliomba uji. Bibi alifuta machozi kwa ncha ya khanga na kumwambia asubiri kwanza. Usiku ule wale wawili walikuwa wamelala upande wa mlango, na mlango ule mbovu haukuwa unakaza vizuri kwenye fremu; upenyo mdogo uliosahaulika kuzibwa ndio uliowapa nafuu. Upendo alikuwa amelala upande wa ukuta.

Upande wa ukuta, tabibu aliwaza. Ndiko jiko lilikokuwa. Mtu aliliweka karibu naye ili apate joto.

"Neema," aliita polepole, "jana usiku mliwasha nini chumbani?"

Neema alimtazama kaka yake Elia. Midomo yake ilifunguka, ikajifunga. "Kichwa kinaniuma, daktari," alisema, akageukia ukutani.

* * *

Sista Rehema ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa amemwomba Elia amsaidie kumgeuza Upendo, na Elia hakuwa na jinsi ila kuitoa mikono mifukoni. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilikuwa kimelowa.

"Shemeji, mkono una nini?"

"Nimejikata. Mlango."

"Hebu nione."

"Si kitu, sista."

Tabibu Sanga alikishika kile kiganja na kukifungua bila kuomba ruhusa. Hapakuwa na jeraha la kukatwa. Palikuwa na malengelenge mawili marefu, yaliyolala sambamba kutoka kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo, kama alama anazobaki nazo mtu aliyebeba kitu cha bati chenye moto kwa haraka, bila kushika mpini wake.

Chumba kizima kilinyamaza. Bibi alimkumbatia Baraka kwa nguvu zaidi.

"Elia," tabibu alisema, "uliniambia hakukuwa na jiko."

Elia alifungua kinywa. Kabla hajasema, nje palisikika honi ya gari la polisi na watu wakikimbia. Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti wa kijiji aliingia akihema, shati limechanika begani, amemshika mkono shangazi Tabitha. Damu ilikuwa inamtiririka mama yule kutoka kwenye paji la uso, lakini alikuwa anatembea kwa miguu yake. Hakumtazama mtu mwingine yeyote. Alimtazama Elia.

"Nimelikuta nyuma ya zizi langu," alisema. "Jiko la chumbani kwenu. Makaa bado yana moto. Nani amelileta kwangu, mwanangu?"

"Daktari!" Sista Rehema aliita. Alikuwa ameinama tena juu ya tumbo la Upendo. "Themanini na nne. Yanashuka."

Mshale wa mtungi ulikuwa umegusa alama nyekundu.

Na hapo ndipo vidole vya Upendo vilipocheza juu ya shuka. Macho yake yalifumbuka, yakatangatanga kwenye dari, yakashuka, yakamwona mumewe. Alijaribu kuiondoa barakoa. Tabibu akamzuia, akainamisha sikio. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo lakini kila neno lilisikika.

"Elia," alisema, "kwa nini uliturudishia lile jiko usiku wa manane, wakati mimi nilishalitoa nje?"

ITAENDELEA

Je, Elia alitaka kumpa mkewe joto, au kuna jambo jingine nyuma ya shamba la miti? Lori la mbao litafika kabla mtungi haujaisha? Na mtoto aliye tumboni atafika salama? Usikose Sehemu ya Nne Jumamosi ijayo.

Neno kwa msomaji: simulizi hii ni ya kubuni, lakini gesi ya mkaa si ya kubuni. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaua sawasawa na yale yenye moshi. Usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, toa jiko nje na uache dirisha wazi kidogo. Ukiona watu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa, wanatapika au wanalegea kwa wakati mmoja, watoe nje kwenye hewa safi mara moja, usiwanyweshe maziwa, wawahishe hospitali, na umweleze daktari kwamba palikuwa na moto ndani.